Tupeane uzoefu: kipato kilipobadilika, matumizi yako ya nishati yalifanyaje?

Mwanzisha mada: Wakuu, tukitaka kujua nchi inatumia nishati kiasi gani, tunachukua jumla na kuigawa kwa idadi ya watu. Wastani huo haumwoni aliye juu wala aliye chini. Nataka kusikia kwenu: pesa ilipoongezeka au kupungua, nini kilibadilika?

Fundi friji: Ninachokiona kazini ni kwamba matumizi hayapandi taratibu sambamba na mshahara. Kipato kinaongezeka na bili haitikisiki, mpaka siku familia inapomudu friji ya kwanza. Hapo umeme unaruka. Friji ya kawaida inaweza kula kWh (uniti za umeme) 300 hadi 400 kwa mwaka, wakati taa ya LED ya wati 9, ikiwaka saa 5 kila siku, haifiki kWh 17. Sasa chukua nyongeza moja ya pato la taifa. Igawe kwa kaya nyingi zilizokaribia kununua friji, gridi itaelemewa. Mpe tajiri mmoja, nyumbani kwake hakuna kipya cha kuchomeka.

Msafiri: Hapo kwa tajiri niongezee. Nilipopandishwa cheo umeme wa nyumbani ulibaki palepale, lakini mafuta yalipanda sana: gari la pili, halafu ndege. Utafiti wa Oswald, Owen na Steinberger wa 2020, uliohusu nchi 86, ulikuta asilimia 10 ya watu wa juu kimapato wanatumia takriban asilimia 39 ya nishati, asilimia 10 ya chini kama asilimia 2 tu. Kwenye usafiri pengo ni kubwa zaidi.

Mama wa wanne: Mimi napinga kidogo. Tulipokuwa na hali ngumu tulichoma nishati nyingi kuliko sasa! Mafiga matatu yanapoteza sehemu kubwa ya joto, sufuria inapata kidogo. Tulipopata pesa ya mtungi wa gesi, chakula kilekile kiliiva kwa nishati ndogo. Kwa hiyo mkihesabu, hesabuni na kuni.

Mpangaji: Ni kweli, mama. Na pesa ya mtungi inatakiwa yote kwa pamoja, kuni unanunua kidogo kidogo. Hata friji, mwenye kipato kidogo ananunua kuukuu inayokula umeme zaidi ya mpya. Bili yake ndogo inameza sehemu kubwa ya mshahara.