Kengele ya saa kumi alfajiri kambini: tunawasaidia watoto au tunawaharibia?

Wakuu, habari za Dodoma. Binti yangu yuko kidato cha nne, bweni, huku huku mkoani. Tangu mwezi wa sita wamewekwa kambi ya mtihani wa taifa. Prepo ya usiku inaisha saa tano, kengele ya alfajiri inagongwa saa kumi. Siku ya wazazi nilimkuta anasinzia na chipsi mkononi. Nikamchokoza na baiolojia, mada aliyonifundisha mwenyewe likizo iliyopita. Patupu.

Hoja yangu: kambi ibaki, kengele hiyo iondolewe. Tunajaza maji kwenye pakacha. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach, Marekani, waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana. Walipolala baada ya kukariri, walikumbuka nyingi zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Mwaka 1994 Wilson na McNaughton wakaonyesha kwamba seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, zilizofanya kazi pamoja panya alipokuwa akizungukazunguka, zilifanya kazi pamoja tena alipolala. Yaani ubongo una prepo yake, na inafanyika usingizini. Sisi tunaikatisha ili tuanze ya kwetu.

Mwalimu, Bahi: Ndugu mzazi, wewe kwako umeme upo. Mimi nina watoto wakirudi nyumbani ni kuchota maji, kuchunga, kibatari. Kambini ndipo pekee wanapopata utulivu wa kusoma. Na matokeo yakitoka, afisa elimu haniulizi walilala saa ngapi. Halafu usiwadekeze. Wahadzabe wa hapo Ziwa Eyasi walipimwa, utafiti ukatoka 2015 pamoja na jamii nyingine za Namibia na Bolivia: usingizi ni kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na ni watu wenye afya kutuzidi mimi na wewe.

Mama wa watoto watatu, Nzuguni: Mnagombania bweni tu. Wangu ni wa kutwa, kambi hajawahi kuiona, na bado anaamka saa kumi na nusu. Akichelewa, makonda hawamchukui, nauli ya mwanafunzi wanaiona hasara. Usingizi wa mtoto wangu unaliwa na daladala. Hilo nalo mliweke mezani.

Mwanzisha mada: Mama, umenikumbusha, na sina jibu. Hata shule ikisogeza ratiba, konda hasogei.

Mwalimu, huo wa Wahadzabe ni mzuri, ila tuusome wote. Waliopimwa ni watu wazima. Na hizo ni saa za usingizi wenyewe. Muda wote tangu kupata usingizi hadi kuamka asubuhi ulikuwa saa 6.9 hadi 8.5. Wa kwetu kitandani wanapata tano tu! Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walisema wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Tena kijana si mzembe: Mary Carskadon, mtafiti wa usingizi, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba katika balehe saa ya mwili husogea mbele, usingizi unachelewa kuja na unachelewa kuondoka. Ndiyo maana California ilipitisha sheria mwaka 2019, sekondari za juu zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi.

Saa hiyo ya mwili si porojo. Waliochambua jeni zake kwa nzi wa matunda, Hall, Rosbash na Young, walipewa Nobel mwaka 2017. Kwa binadamu saa kuu iko ubongoni, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana, na inarekebishwa na mwanga. Wazee wetu waliohesabu saa kwa kufuata mapambazuko hawakuwa mbali. Dodoma jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, miezi yote haitofautiani sana. Saa kumi kwa mwili wa mtoto ni usiku mnene. Taa zizimwe saa tatu na nusu, kengele saa kumi na moja na nusu. Saa nane hizo, na prepo ya jioni ipo palepale.

Mwalimu, Bahi: Nazima taa saa tatu na nusu, sawa. Wataingia na tochi chini ya blanketi, maana wanajua shule ya jirani bado iko darasani. Hapo unanishaurije?