Vitabu vipya vya sayansi, teknolojia na jamii vinavyothamini maarifa ya fundi wa Kiafrika

Mwalimu wa ufundi
Ndugu wasomaji, salaam. Ninafundisha historia ya teknolojia katika chuo cha ufundi, na vitabu vingi nilivyo navyo vinaisimulia teknolojia kana kwamba ilishushwa bandarini ikiwa imekamilika, sisi tukabaki kuipokea tu. Naomba mnitajie vitabu vya kitaaluma vya miaka ya karibuni, vyenye utafiti wa kina, vinavyomchukulia fundi au mkulima wa Afrika kuwa mtu mwenye maarifa yake mwenyewe. Vikigusa na sanaa nitashukuru zaidi.

Mtafiti, Dar es Salaam
Mwalimu, anza na *African Motors* cha Joshua Grace, kilichotolewa na Duke University Press mwaka 2021. Kinafuatilia historia ya gari nchini Tanzania tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 21, na uzito wake unatokana na jinsi kilivyotafitiwa: mwandishi alipekua nyaraka, akakusanya masimulizi ya watu wengi, kisha akaingia katika gereji za Dar es Salaam akiwa mwanagenzi. Anakubali kwamba gari lilibuniwa Ulaya na kuletwa na ukoloni, lakini anaonyesha namna madereva, mafundi na abiria walivyolibadilisha likafuata mahitaji yao. Yeyote aliyemwona fundi akitega sikio kwenye mlio wa injini kabla hajashika spana ataielewa hoja hiyo bila shida. Kinaeleza pia jinsi kazi ya magari ilivyojenga taswira ya uanaume, na hapo wanafunzi wako, hasa wa kike, watakuwa na mengi ya kusema.

Msomaji, Shinyanga
Naunga mkono, ila nisingependa mjadala uishie gereji. *The Mobile Workshop* cha Clapperton Chakanetsa Mavhunga, kilichotolewa na MIT Press mwaka 2018, kinahusu mbung'o, nzi anayeeneza malale, nchini Zimbabwe, na kinadai kwamba mengi yaliyoitwa sayansi ya wakoloni yalichukuliwa kwa watu waliokuwa wakiishi na mdudu huyo tangu zamani. Kwetu huku dai hilo lina mizizi. C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika, ambao kituo chake kilikuwa hapa Shinyanga, aliandika mwaka 1921 kuhusu Mossurise, Msumbiji, akaeleza jinsi Mzila, mfalme wa dola ya Gaza ya kusini mwa Afrika, alivyowakusanya watu wake katika maeneo yenye mbung'o, mapori yakafyekwa, wanyama wakawindwa, na mdudu akarudi nyuma. Kufyeka mapori na kuhamisha watu baadaye vikawa sera ya serikali ya kikoloni, na wanafunzi wanastahili kuuliza jina la Mzila lilipotelea wapi. Mavhunga pia alihariri *What Do Science, Technology, and Innovation Mean from Africa?* cha mwaka 2017, ambacho kinasomwa mtandaoni bila malipo. Kwa chuo chenye bajeti ndogo, hilo si jambo dogo.

Mpenzi wa sanaa, Unguja
Kwa upande wa sanaa, tafuta *The Surface of Things* cha Prita Meier, Princeton University Press, 2024, kuhusu historia ya upigaji picha katika pwani ya Waswahili. Anaitazama picha kama kitu kinachoshikwa, kinachouzwa na kupamba sebule, na hafichi kwamba wapo waliopigwa picha bila kuwa na uwezo wa kukataa. Sisi tuliozoea kuzisifu studio za zamani za Mji Mkongwe, kama ile ya A. C. Gomes au Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, tunahitaji kuusikia upande huo pia.

Mwalimu wa ufundi
Nawashukuru sana. Kwa kuwa vyote viko kwa Kiingereza, nitaanza na Grace, niwasimulie wanafunzi kwa Kiswahili sura moja moja, kisha kila mmoja akamhoji fundi wa mtaani kwake na kuandika anavyotambua ubovu wa injini na alijifunza kwa nani. Huyo wa Shinyanga, tafadhali nielekeze ninapoweza kulipata andiko la Swynnerton.