Ushauri: Mapango ya Amboni na mama mkwe mwenye goti bovu, watoto wawili, siku mbili tu Tanga

Mama Nuru
Wakuu salaam. Likizo hii tunapanda Tanga kutoka Dar, na tutakuwa na Jumamosi na Jumapili tu. Tupo mimi, mume wangu, kijana wa miaka kumi na mmoja, binti wa minne, na mama mkwe. Goti la mama linamsumbua. Kutembea anatembea, ila ngazi zinamtesa. Kijana amesoma habari za mapango ya Amboni shuleni na hataki kusikia kitu kingine. Mume naye anataka tuunganishe Amboni, Amani na Pangani kwa mkupuo ili awe "ameimaliza Tanga". Mimi naona tutashinda ndani ya gari.

Naomba kujua: mama aingie pangoni au abaki nje? Huyu mdogo ataliweza giza? Na jirani pale kuna nini kingine cha watoto? Usafiri ni Noah yetu wenyewe. Natanguliza shukrani.

Mwana wa Chumbageni
Karibuni Tanga, waja leo waondoka leo, ingawa nyie naona mtaondoka kweli.

Amboni si safari ya kutwa. Kutoka mjini ni kama kilomita 8, unashika barabara ya Horohoro kisha unakata kushoto kuelekea Kiomoni. Mapango yapo kumi lakini linalotembezwa wageni ni moja. Ukienda polepole, na kijana anauliza maswali yake, saa moja na ushee mmemaliza. Wahini asubuhi kabla mabasi ya shule hayajafika, maana wanafunzi sitini wakiwa ndani hamtasikia mwongozaji anasema nini.

Binti wa minne abebwe au ashikwe mkono mwanzo mwisho. Na kila mtu awe na tochi yake. Mkiwa na tochi moja ya simu ya baba, wa nyuma wote watakuwa wanatembea gizani.

Bi Mwanahawa
Mama Nuru mwanangu, usimwamulie mama mkwe wako. Mfikisheni mlangoni aone mwenyewe. Ukumbi wa mwanzo ni mpana, anaweza kuingia, akatazama juu, akasikia hadithi mbili tatu kama mtu yeyote. Kazi inaanza mbele: kuna mahali mnainama, kuna mahali mnapita kwa ubavu, na chini jiwe limesuguliwa na nyayo za watu hadi linateleza. Hapo ndipo pa kugeuzia. Mwambieni mwongozaji kabla hamjaingia, msingoje mfike katikati, na mkubaliane nani atarudi na mama. Asivae ndala. Raba yenye meno, na kanga aifunge juu kidogo.

Jambo jingine. Lile pango lina mzimu, na watu bado wanakwenda kuomba. Mtakuta vitambaa, chupa za marashi, pengine chakula kimewekwa. Mwambie kijana asiguse na asipige picha za kuchekesha pale. Uamini usiamini, ni ibada ya wenzetu.

Chokaa
Mwalimu wa jiografia hapa, nimepeleka wanafunzi mara nyingi. Huyo kijana asiende mikono mitupu, mpe jambo la kutafuta.

Jiwe la Amboni ni chokaa ya enzi ya Jurasiki, takriban miaka milioni 150, na lilijengeka chini ya bahari. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa, yakageuka asidi dhaifu, na asidi hiyo ndiyo iliyolila jiwe hadi likawa na vyumba. Sasa mwambie amulike dari na atafute tone ambalo bado linaning'inia. Kabla halijadondoka linaacha chembe ya chokaa pale juu, na likitua linaacha nyingine chini. Za juu ndizo stalaktiti, za chini stalagmiti, na pengine hukutana zikawa nguzo. Kwa kawaida hazikui hata milimita moja kwa mwaka. Ndiyo maana mnakatazwa kushika: mafuta ya mkono yakibaki juu ya jiwe, chokaa mpya haishiki vizuri.

Mwongozaji atawaonyesha mawe yenye umbo la tembo, mamba, meli, hadi sanamu ya Bikira Maria. Mengine utayaona papo hapo, mengine mpaka uambiwe upindishe shingo.

Kipusa wa Ngamiani
Mwalimu umesahau utamu wenyewe! Marehemu babu alituambia mbwa aliingizwa Amboni akaja kutokea Mombasa. Wengine wanasema njia inafika hadi Kilimanjaro.

Chokaa
Sijasahau, nimeiruka makusudi. Mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango yale, na refu kuliko yote lilikuwa kama mita 900. Huyo mbwa wa babu alipanda basi.

Kipusa wa Ngamiani
😂 Walipima walikofika wao. Na Osale Otango je?

Chokaa
Huyo ni wa kweli. Miaka ya 1950 yeye na Paulo Hamisi waliwasumbua sana Waingereza na walikuwa wakijificha mule. Kuna wanaomwita mwizi, kuna wanaomwita mkombozi wa maskini. Mama Nuru, hiyo hadithi mwachie mwongozaji aisimulie mkiwa ndani, kijana ataikumbuka kuliko Jurasiki yangu.

Dereva wa Muheza
Nije kwa shemeji anayetaka kuimaliza Tanga. Amboni, Amani na Pangani kwa siku mbili na mama mwenye goti? Hapana. Amani ni mlimani, Usambara Mashariki. Unaingilia Muheza, unapita lango la Sigi, kisha unapanda njia ya kona na mawe. Mvua ikiwa imenyesha, Noah italamba tope. Na ukishafika unataka kulala: kuna ubaridi, msitu mzito, vinyonga, bustani ya miti ya tangu Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902, na yale maua madogo ya zambarau ya Usambara ambayo Wazungu huyaweka madirishani kwao. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kumnyima mtoto. Iwekeni safari nyingine, mlale siku mbili hukohuko.

Muheza mtaipita tu mkirudi Dar. Simameni mnunue machungwa.

Mama Nuru
Asanteni sana, mume amesoma na amenyamaza, nadhani amekubali 😅 Sasa Jumamosi mchana na Jumapili? Nimesikia kisiwa cha Maziwe, magofu ya Tongoni, na maji ya moto. Mama mkwe pia ameuliza kuhusu yale mapigano ya mwaka 2015.

Mwana wa Chumbageni
Mwambie mama ile ilikuwa operesheni ya Februari 2015, vyombo vya usalama vilipambana na watu wenye silaha maeneo yale. Baada ya hapo wageni na shule wameendelea kwenda. Siku hizi mapango yapo chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Maji ya moto ni Galanos, upande uleule wa Amboni, jina ni la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Yana salfa, na watu huyaendea kwa ajili ya magonjwa ya ngozi. Mjue yananuka yai viza. Watoto watacheka dakika kumi kisha wataomba kuondoka. Ulizeni hali ya njia pale mapangoni kabla hamjaingiza gari.

Nahodha Mstaafu
Maziwe ni nzuri, lakini ni ya Pangani na ni ya maji. Miti ilikwisha zamani, kumebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hasa wakati wa bamvua linafunikwa lote. Unakwenda na maji kupwa na unarudi saa ya nahodha, ukitaka usitake. Hakuna kivuli. Mama wa goti atapandaje na kushuka mashua ndani ya maji ya magoti? Mtoto wa minne naye jua litamwunguza. Mimi nisingewapakia.

Jumapili nendeni Tongoni, kilomita 17 hivi kusini ya mji kwa barabara ya Pangani. Ni tambarare, mama atatembea kwa raha yake. Kuna msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Kijana akiuliza, mwambieni Vasco da Gama aliichoma moja ya meli zake, São Rafael, karibu na pwani ile mwaka 1499, kwa sababu mabaharia wa kuendesha meli tatu hawakubaki. Jumamosi alasiri pelekeni watoto Raskazone wakaoge, ila tazameni kwanza maji yanajaa saa ngapi. Yakiwa yametoka mtakuta matope.

Mama Wawili
Naongeza kimoja: popo. Wapo wengi mule, na kinyesi chao kinatoa harufu kali. Kama kuna mtoto mwenye pumu, barakoa na dawa yake ya kuvuta viwe mfukoni, visiachwe garini. Wasiokote chochote chini, na mkitoka waoshe mikono kabla ya kushika maandazi. Maji bebeni wenyewe.

Mama Nuru
Binti ana pumu kidogo kweli, asante dada. Na malipo getini ni taslimu?

Mwana wa Chumbageni
Mtapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu, kwa hiyo muwe na salio kabla hamjatoka mjini. Bebeni na vitambulisho vya NIDA, kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni si kimoja. Mwongozaji mpeni chake pembeni mkiridhika naye.