Acheni kuiita albamu ya mwisho ya The Smiths makombo

Wakuu, leo nimefika mwisho. Kila ikitajwa Strangeways, Here We Come, albamu ya mwisho ya The Smiths, ile bendi ya roki ya Uingereza, lazima atokee mtu aseme hayo ni makombo ya bendi iliyokuwa inakata roho, na wengine wote wanaitikia. Mmeisikiliza lini mara ya mwisho? Nyimbo zote 10, mwanzo mwisho?

Albamu hii ilirekodiwa miezi ya mwanzo ya 1987, studio ya Wool Hall, Somerset. Ugomvi mnaodai kuusikia ndani yake ulipamba moto baadaye, waliporudi kurekodi nyimbo za upande wa B wa singo, Morrissey, mwimbaji wao, aking'ang'ania wimbo wa Cilla Black, mwimbaji wa miaka ya 60, ambao mpiga gitaa Johnny Marr hakuutaka hata kuusikia. Marr akajiondoa katikati ya mwaka. Septemba albamu inatoka, bendi haipo tena. Sasa kazi inahukumiwa kwa talaka iliyokuja baada ya kazi kwisha!

Na hao wawili, ambao wameshindwa kupatana miaka yote hii, wote wamewahi kusema hii ndiyo albamu bora ya bendi. Nyie mnajua kuliko wao?

Wimbo wa kwanza hauna gitaa. Bendi iliyojengewa jina na gitaa la Marr inafungua mlango kwa piano, kwa sababu Marr mwenyewe alikuwa amechoka kuambiwa anajua mlio mmoja tu. Huyo ni mtu anayekusanya mabaki?

Kinachoniuma zaidi ni Last Night I Dreamt That Somebody Loved Me. Karibu dakika 2 nzima ni piano nzito, nyuma yake umati unapiga kelele, unakaa hapo kifua kimebana, halafu bendi inaingia kwa kishindo na sauti ya Morrissey inakuta umeshalainika. Juzi mtu akaniambia ni wimbo wa kawaida tu. Nikambana, kumbe alisikiliza toleo la singo, lile lililokatwa piano yote! Umeondoa ngazi halafu unashangaa ghorofani hakufikiki.

Tukija kwenye urithi wao, mazungumzo ni yale yale: kesi ya 1996, mpiga ngoma Mike Joyce kudai robo yake ya mapato ya bendi wakati Morrissey na Marr walikuwa wanachukua asilimia 40 kila mmoja. Alidai haki yake na alishinda, sina neno. Lakini miaka inapita tunajadili mirabaha, muziki hatuugusi.

Andy Rourke, mpiga besi wao, alifariki Mei 2023. Rambirambi nilizosoma zilirudi kwenye albamu ya 1986, The Queen Is Dead, kana kwamba baada ya hapo aliweka besi chini. Pigeni Death of a Disco Dancer, wimbo wa albamu hii, usiku huu, taa zimezimwa, mfuateni yeye peke yake tangu mwanzo hadi pale piano inapoanza kuvurugika. Kisha rudini hapa mnionyeshe hayo makombo yako dakika ya ngapi.