Kofia ngumu kwa wapanda fahali: iwe lazima kwa kila mtu?

MADA: Katika rodeo, mchezo wa kukaa juu ya fahali anayerukaruka, chama cha wapanda fahali wa kulipwa cha Marekani, PBR, humlazimisha kila mpandaji aliyezaliwa kuanzia 15 Oktoba 1994 avae kofia ngumu. Waliozaliwa kabla ya hapo wanaruhusiwa pama. Msamaha huo uondolewe?

MKUNAZI: Uondolewe. Fahali hamwulizi mtu umri. Anaporusha miguu ya nyuma, mpandaji husukumwa mbele. Asipowahi kurudisha kifua, kichwa cha mnyama kinapanda na kumkuta usoni. Taya na meno huvunjika hapo. Wavu wa chuma wa kofia ngumu ungelipokea pigo hilo.

FUNDI KAMBA: Mnang'ang'ania kichwa, kifua je? Mpanda fahali Lane Frost alikufa Cheyenne, Marekani, mwaka 1989 akiwa ameshashuka. Pembe ilimpiga ubavuni. Baada ya hapo ndipo mpandaji mwenzake Cody Lambert akabuni fulana ya kinga. Lakini mpandaji Mason Lowe alikuwa na fulana hiyo Denver, Januari 2019, akakanyagwa kifuani, akafa. Fulana hutawanya pigo la pembe, haibebi uzito wa fahali.

Mimi ningeanza na mkono. Kamba ya kujishikilia juu ya fahali haifungwi fundo: mpandaji huizungusha kiganjani, na utomvu mkavu wa msonobari hufanya glavu inate. Anayepanda kwa mkono wa kulia ashukie kulia. Akiangukia kushoto, kiganja kinajipinda ndani ya kamba na kufungika, naye anaburutwa. Wapo wanaopitisha ncha ya kamba kati ya kidole cha mwisho na cha pete ili wasiteleze. Huko ni kujifunga wenyewe! Hilo ndilo la kupigwa marufuku, kabla hatujabishania pama.

MKUNAZI: Pigeni marufuku yote mawili, nani kakataa?

BINTI SAADA: Kofia ngumu isisifiwe kupita kiasi. Huokoa fuvu na uso. Ubongo bado hutikisika ndani. Aliyepoteza fahamu au anayeuliza swali lilelile mara mbili asipande tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Na kofia iliyokwisha pigwa kwa nguvu ibadilishwe ijapokuwa haina ufa, maana povu la ndani likishabonyea halifanyi kazi.

PWANI TU: Pemba tuna mchezo wa ng'ombe, hakuna pama wala helmeti.

FUNDI KAMBA: Pemba hampandi, mnakimbia. Rodeo ni sekunde 8 mgongoni, na hatari kubwa huanza ukigusa chini. Ukianguka usisimame kutafuta kofia yako. Tambaa kwenye uzio, waachie waokoaji wa uwanjani wamvute fahali upande wa pili.