Fomu ya ustawi wa jamii: ifuatwe kama ilivyo au afisa apime mwenyewe?

afisa_kata: Wadau mimi niko ustawi. Unaingia nyumba ya watu, mtoto ana alama za fimbo mgongoni, we umeinamia karatasi unauliza ukuta wa nini, paa la nini, choo cha aina gani. Fomu inazuia kuamua kwa kujuana, hilo sipingi, ila mtoto akiulizwa mbele ya mama wa kambo akanyamaza, kile kimya chake unakitiki wapi? Mi naona fomu ielekeze tu, uamuzi abaki nao afisa.

babaZai: Muachiwe uamuzi nyie?? Mwanaume akiingia ofisini kwenu kudai kukaa na mtoto keshashindwa hata hajakaa. Chini ya miaka saba mtoto wa mama, kwisha.

wakili_mtaani: @babaZai usipotoshe watu. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125, inachukuliwa ni heri akae na mama LAKINI unaruhusiwa kupinga kwa ushahidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo hivyohivyo.

babaZai: Ushahidi upi sasa, afisa kaja kwangu kakuta chumba kimoja cha kupanga akaandika mazingira hayafai akaondoka. Hakuuliza nani anamwogesha mtoto wala nani anampeleka kliniki

Mama Shamimu: Na ulikuwa unampeleka kweli? Wanaume mnawataka watoto wakishafika umri wa kutumwa dukani.

babaZai: Dada maisha yangu huyajui, kadi ya kliniki ninayo hapa.

Mama Shamimu: Nimesema wanaume, sijakutaja. Mi nimelea peke yangu, hela ya matunzo mpaka nilipoenda kushtaki.

kijana_Temeke: Nyie wawili hebu. Huyu kaponzwa na chumba kimoja, yaani fomu inahesabu vyumba haihesabu malezi. TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, nao vilevile, kaya inatajwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni halafu linakuja dodoso na kompyuta inakokotoa, bibi aliyeezekewa bati na mwanae marehemu si anaweza kuonekana anazo?

afisa_kata: Ndo ninachosema.

babaZai: Hapana, yule afisa alikuwa na uhuru wa kuuliza na hakuuliza! Mi nataka swali la nani anamlea liwe kwenye fomu, la lazima, ajaze hata kama hataki.

wakili_mtaani: Omba nakala ya hiyo ripoti uipinge mahakamani, na hiyo kadi uende nayo.

Mama Shamimu: Aende na jirani pia, kadi haisemi nani alimbeba.

babaZai: Jirani yupo.