La Paz, Cusco au Quito? Nataka kukata tiketi wiki hii

Mzururaji85: Wakuu heshima kwenu. Niko njia panda kati ya La Paz (Bolivia), Cusco (Peru) na Quito (Ecuador). Nasikia huko hewa nyepesi. Wenye uzoefu, ipi bora?

KiparaNgoto: Bora kwa lipi? Siku ngapi? Unatokea wapi, uko peke yako, una presha? Swali nusu, jibu nusu.

BintiMachame: Quito, bila kupepesa macho. Mji uko mita 2,850 na uwanja wa ndege uko chini zaidi, kama 2,400, kwa hiyo mwili haushtuki sana. Halafu mji wake mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 1978.

MpagaziMstaafu: Nimebeba mizigo Kilimanjaro, njia ya Marangu, miaka tisa. La Paz ni mita 3,600 na kitu, kambi ya Horombo 3,720. Horombo watu wanalala, wanakula, wanacheza karata. Msimtishe kijana.

MamaNjiwa: Shikamoo mzee wangu, lakini Horombo unafika kwa miguu, siku ya pili, umeshalala Mandara. La Paz ndege inakutua El Alto, zaidi ya mita 4,000, jana yake ulikuwa usawa wa bahari! Mimi nilitua saa nane usiku, nikajiona mzima. Hoteli niliyolipia ilikuwa juu ya kilima, teksi ikagoma kupanda, nikaburuta begi ngazi kwa ngazi. Asubuhi kichwa kinapasuka, chai natapika, nikigeuka kitandani nahema kama nimetoka kukimbia. Mhudumu ananiambia eti ni uchovu wa safari. Siku mbili zimekwenda hivyo, nikiangalia magari ya kamba yakipita dirishani, na ndiyo yaliyonipeleka! Siku ya tatu nikayapanda, nikasahau yote. Lakini siku mbili nilizilipia.

KiparaNgoto: Ndiyo maana nasema Cusco. Ukitua usilale mjini (mita 3,400), shuka mji mdogo wa Ollantaytambo, 2,800 hivi. Machu Picchu yenyewe, yale magofu ya Wainka, ni 2,430, chini kuliko Cusco. Wengi wanadhani kinyume. Mjini unarudi mwishoni, mwili umeshazoea.

BintiMachame: Na chai ya koka, yale majani yanayotoa kokeini?

KiparaNgoto: Kule halali, inauzwa kama majani ya chai. Ila usirudi nayo hata kipakiti kimoja, na kama kazini mnapimwa mkojo, usiionje kabisa.

MpagaziMstaafu: Chai gani? Dawa ni pole pole na maji.

Mzururaji85: Asanteni. Natokea Dar, siku sita pamoja na kusafiri. Nilisahau kusema, nakwenda na mke wangu, ana mimba ya miezi mitano.

MamaNjiwa: Mwanangu! Hilo ndilo la kuanza nalo. Weka tiketi pembeni, nendeni kwa daktari wake kwanza.

KiparaNgoto: Siku sita kutoka Dar? Mtaona viwanja vya ndege tu.

BintiMachame: Na bado kwa hewa, Quito ni nafuu kuliko hizo nyingine.

MpagaziMstaafu: La Paz maji yanachemka kabla ya nyuzi 90. Maharage utakesha nayo.

MamaNjiwa: Si wana sufuria za presha, mzee?

MpagaziMstaafu: Sisi tulipanda nayo yameshachemshwa Moshi. Wali ndio tulipika juu, na ulikuwa na kiini kila siku.

BintiMachame: Wali wa kiini kila siku, na wageni walilipa?